Siku Kumi za Simiti

Nyinyi mnaoanza kazi ya mifugo sasa mna simu zenye kila kitu ndani, na nawaonea wivu kidogo. Mimi nilianza na gambuti za kaka yangu, zilizonizidi saizi mbili, na kisanduku cha barafu ambacho mpini wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Tangu nistaafu mwaka jana, kila kijana wa kazi hii anayenitembelea hapa Kanja ananiuliza swali lilelile kabla hata chai haijapoa: Daktari Ruguru, mtu asiye na nyumba anafaa kufuga mbwa?

Zamani nilikuwa na jibu la neno moja. Siku hizi limerefuka, kwa hivyo vuteni viti.

Kwanza niwaambie kwamba mimi si daktari. Nina cheti cha afya ya mifugo, basi. Lakini huku kwetu ukionekana na sindano mara mbili umeshakuwa daktari, na ukiitwa hivyo miaka mingi hata wewe mwenyewe unaanza kuitika bila haya.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ireri, mtu mfupi aliyevaa tai hata akiingia zizini. Chuo kilinipa cheti, lakini akili alinipa yeye, tena kwa kunifokea. Mwaka wangu wa kwanza tulikwenda kuchanja mbwa dhidi ya kichaa katika uwanja wa chifu. Baraza likafunguliwa kwa maombi, na mchungaji wa siku hiyo alikuwa na pumzi. Aliombea serikali, akaombea mvua, akaombea mbwa, halafu akakumbuka paka. Mimi nimefumba macho kama Mkristo mwema, kisanduku changu kipo juu ya boneti ya gari, juani. Chanjo ni kama maziwa, ikikaa kwenye joto inaharibika, ila maziwa yatakwambia kwa harufu na chanjo haisemi. Nikadunga mbwa asubuhi nzima, nikijisifu kwa mkono mwepesi. Saa sita Mzee Ireri akaja, akashika chupa, akaniuliza, "Ruguru, hii ni dawa ama ni chai?"

Wiki iliyofuata alinizungusha boma kwa boma. Yeye alibaki langoni, mimi naingia na kusema, "Nilikosea, naomba nimdunge tena." Kuna mama mmoja alinicheka hadi akaita majirani waje wasikie afisa wa serikali akisema amekosea. Nililia njiani. Mzee Ireri hakunibembeleza. Aliniambia kosa la kazi hii halilipwi na wewe, linalipwa na mtoto atakayeumwa. Sijawahi kuacha kisanduku juani tena, hata mchungaji aombe mpaka jioni.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba mbwa ashikwe na mwenyewe. Usijitie ushujaa. Mwambie mwenye mbwa akae chini, ampakate kichwa, amzungumzie, na wewe upite upande wa mgongo. Mbwa anamsikiliza yule aliyemshika. Nilipohamishiwa Nkubu ndipo nilipoona ukweli wa jambo hilo, maana siku za chanjo watu wenye mageti mazuri walikuja wakiburuta mbwa kwa waya wa umeme, wawili mbele, mmoja nyuma na fimbo, na ukisema "mshike kichwa" wanaangaliana. Mbwa wao wenyewe wanawaogopa! Wakati huohuo anakuja Kithinji na kamba ya mkonge, anaketi chini, mbwa anaweka kidevu kwenye goti lake, nadunga, namaliza, anasema asante, anaondoka.

Huyo Kithinji alikuwa mtu wa makamo, mbeba mizigo wa soko la Nkubu. Hakuwa na nyumba. Shamba la kwao liliuzwa na ndugu zake, na mambo ya ndani ya hapo ni yake, sitayasimulia. Alilala kwenye baraza ya kinu cha unga kilichofungwa. Mbwa wake jike alikuwa wa rangi ya kijivu. Alimwokota akiwa kitoto kwenye mchanga wa mjengo, ndiyo maana akamwita Simiti. Kadi ya chanjo ya Simiti aliihifadhi ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na kipande chake cha utambulisho. Kwenye kadi hiyo kuna mahali pa kuandika makao ya mwenye mbwa, na mimi nilikuwa nimeandika "Sokoni", nikacheka kidogo nilipoandika.

Nilimpenda Kithinji, lakini sikumkubali. Nilimwambia waziwazi, tena zaidi ya mara moja.

"Kithinji, wewe mwenyewe unalala nje. Huyu atakula nini?"

"Si anakula yenye nakula, daktari."

"Na usipokula?"

"Hiyo siku tunakunywa maji."

"Sasa unaona? Huko ni kumtesa mnyama."

Alikuna kichwa cha Simiti, akafikiria. "Daktari, kwa hii soko mtu anaweza nipita wiki mzima kama nguzo ya stima. Lakini akiona huyu, anasimama. Anauliza, anaitwa nani? Halafu akishajua jina yake, anauliza yangu."

Niliona hayo ni maneno matamu tu. Nilikuwa nimeona mbwa wa watu wa barabarani wenye upele mwili mzima, nikaona wengine wakitafuna karatasi za nailoni, na hayo nimeyaona kweli, sikuyaota. Kwa hivyo msimamo wangu ulikuwa huo: asiye na paa asifuge. Wala sikuwa na kiburi nikisema hivyo. Nilikuwa na huruma, na huruma nayo ina ukaidi wake.

Basi siku moja ya soko, mchana kweupe, Kithinji alikuwa amelala na homa kando ya mahali ambapo Mama Gatwiri huuza ndizi. Mama Gatwiri ni mwanamke wa maneno, na siku hiyo lori lilikuwa limeleta ndizi zake na zilitaka nafasi. Akamwita Kithinji, hakuamka. Akamsukuma kwa mguu. Simiti akauma ule mguu.

Niliitwa nikakuta soko zima limesimama. Jambo la kwanza, na hili mlishike, ni maji na sabuni. Nilimkalisha Mama Gatwiri kwenye kreti, nikaosha kidonda chini ya mfereji muda mrefu hadi akaniuliza kama nafua nguo. Kisha nikampeleka hospitali, na sindano zake zikaanza siku hiyohiyo. Usingoje uone mbwa atafanyaje ndipo utafute sindano. Kichaa cha mbwa kikianza kuonekana kwa mtu, hakina tiba. Hapo ni kuaga tu.

Jambo la pili ni mbwa mwenyewe. Aliyeuma anafungiwa siku kumi na kutazamwa, hata awe amechanjwa. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, basi siku ile alipouma hakuwa na kichaa kwenye mate, na kila mtu anapumua. Akiugua au akifa kabla hazijaisha, kichwa kinakatwa kinapelekwa maabara. Mkubwa wangu wa wakati huo, Bwana Mugendi, alitazama ile kadi ya Simiti.

"Makao, sokoni," akasoma. "Ruguru, soko ni boma?"

"Si boma, bwana."

"Atafungiwa wapi sasa? Hiyo ni mbwa koko. Ikifika kesho saa nne hajafungiwa mahali inaeleweka, mnajua kazi."

Tulijua kazi. Zamani tulikuwa tukiweka sumu kwenye nyama, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo hatakuhadithia. Siku hizi ni sindano, ni afadhali, lakini mwisho wake ni uleule.

Nilimpata Kithinji kwenye baraza ya kinu akitetemeka kwa homa, Simiti chini ya koti lake. Nilimweleza. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Daktari, siku kumi nitatoa nyumba wapi?"

Hapo nikakumbuka josho. Nje kidogo ya mji kuna josho la ng'ombe la zamani, lililoachwa tangu kila mkulima anunue bomba lake la mgongoni la kupigia dawa ya kupe. Zizi la kusubiria lilikuwa bado limesimama, mbao zake nzito, na kipande cha paa la mabati upande mmoja. Funguo zilikuwa ofisini, kwenye droo ambayo hakuna aliyeifungua isipokuwa kutafuta kalamu. Nikajaza fomu: mahali pa kufungiwa, josho. Bwana Mugendi akaisoma, akanitazama, akatia sahihi.

Tulipofika nilimwambia Kithinji, "Mfunge hapa, asitoke, na mtu asimguse." Alifunga ncha moja ya kamba shingoni mwa Simiti. Ncha ya pili akafunga mguuni mwake, akaketi kwenye ukingo wa saruji.

"Wewe si umefungwa, Kithinji. Ni mbwa."

"Akibaki peke yake atalia. Akilia atatafuna kamba. Akitafuna kamba atatoka. Akitoka?"

Nilimletea panadol na blanketi, na kesho yake nikamtuma akapimwe malaria. Ni mimi niliyebaki nimeshika kamba hadi aliporudi. Saa mbili nzima Simiti alitazama njia, hakunitupia jicho hata mara moja.

Siku ya pili nikakuta mgeni langoni. Mama Gatwiri, mguu umefungwa bandeji, kilemba kichwani, sura ya hakimu.

"Bado inapumua?"

"Anapumua, mama."

"Ikule! Mbona haijakula? Daktari, hii mbwa ikikufa na njaa, mimi nitajua aje kama ni njaa ama ni wazimu? Mimi niko na watoto!"

Kesho yake akaleta githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Si ya Kithinji, alisema, ni ya mbwa, asijidanganye. Lakini ilikuwa sufuria nzima na kijiko ndani yake, na mbwa gani anakula githeri kwa kijiko? Siku ya nne alileta uji. Siku ya tano alikaa. Alikuwa akitoka kudungwa anapitia josho, anasimama mbali na zizi, anamtukana Simiti kidogo, anauliza Kithinji homa imefika wapi, kisha anahadithia mambo ya soko. Mtu mwingine angedhani ni jamaa zake wamelazwa. Uhai wake ulikuwa umefungwa kwenye kamba ileile, na sijawahi kuona mtu mwingine akimwombea maisha marefu mbwa aliyemuuma.

Siku ya saba nilifika asubuhi nikaona mambo yamebadilika. Simiti alikuwa amesimama pembeni, mdomo wazi, mate yanadondoka. Maji hanywi. Anajaribu kumeza na hawezi, anatikisa kichwa, anakwangua shavu kwa mguu.

Vijana, shikeni hili kuliko yote niliyosema leo. Mbwa mwenye kichaa mara nyingi huwa hivyohivyo, taya linalegea, koo linakataa, unaapa kwamba amekwamwa na mfupa. Mwenye mbwa anatia mkono autoe, na huo mkono ndio unaomzika. Mzee Ireri alikuwa akisema ukiona mbwa amekwamwa na mfupa, weka mikono mfukoni kwanza, fikiria baadaye. Nilikuwa nimemweleza Kithinji mambo ya kamba, ya chakula na ya kutazama. Hili sikumweleza. Hilo ni kosa langu na nimezeeka nalo.

Nilisema, "Kithinji, toka humo polepole. Mwachilie."

"Ako na kitu kwa mdomo."

"Najua inaonekana hivyo. Toka!"

Nilikuwa na kufuli mkononi, nafungua lango nimvute. Mama Gatwiri, aliyefika nyuma yangu na chakula, ameanza kumwita Mungu, "Mwathani! Mwathani!" na sufuria imeanguka. Kithinji alimlaza Simiti ubavuni, akamwambia kitu kwa Kimeru ambacho sikukisikia, akatia vidole mpaka ndani ya taya. Mimi nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Akatoa mkono. Kwenye vidole kulikuwa na kipande cha ubavu wa mbuzi, kilichokuwa kimekaa kwenye paa la mdomo, jino hadi jino, kama boriti ya nyumba.

Simiti akainuka, akanywa maji yote ya ndoo.

Halafu Mama Gatwiri, kwa sauti ndogo sana: "Hiyo mbuzi ni yangu. Jana tulikuwa na wageni."

Nilicheka hadi nikaketi kwenye matope, na kucheka kwenyewe kulikuwa na kilio ndani yake. Kisha nikamshika Kithinji, nikamwosha mkono kwa sabuni karibu nimtoe ngozi, nikampeleka akaanze sindano naye, kwa kuwa siku kumi zilikuwa hazijaisha na bahati si dawa. Njiani nilimfokea vile Mzee Ireri alivyonifokea. Nilimuuliza kama alijua kwamba angeweza kufa.

"Nilijua," alisema. "Si ulipiga nduru."

Msifanye alivyofanya. Nawaambia kama mama yenu, msifanye kamwe, mimi nilikuwa karibu kumzika mtu kwa sababu sikumaliza maelezo yangu. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nani anafaa kufuga mbwa, siulizi kwanza kama ana geti.

Mngedhani basi nilikuwa nimeshabadilika. Bado! Kichwa changu ni kigumu, nilizaliwa karibu na mlima.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Nilimpima Simiti joto, nikamtazama akila, nikatia sahihi kwenye fomu. Mama Gatwiri alikuja amevaa rinda la kanisani. Alisogea mpaka kwenye zizi kwa mara ya kwanza, akamnyooshea Simiti kidole kimoja, kikanuswa, akakirudisha akiwa nacho chote.

"Ni mbwa mzuri," alitangaza. "Sasa ipate boma ya maana."

Nikaona hapo ndipo nafasi yangu ilipo. Nilimwambia Kithinji kwamba mvua za Novemba zimekaribia na ile baraza ya kinu inavuja. Nikamwambia nina boma Kanja, nina ng'ombe wawili, maziwa hayakosekani. Anipe Simiti. Awe anakuja kumwona siku yoyote, nitamtumia nauli. Nilisema kwa upole, na nilimaanisha kila neno.

Kithinji akainama, akafungua kamba mguuni mwake. Ilikuwa imemchora alama. Akaniwekea mkononi.

"Ni ukweli, daktari. Mimi sina kitu."

Nitasema kweli, nilifurahi. Miaka miwili nilikuwa nabishana naye, na sasa nimeshinda. Simiti alitazama kamba, akamtazama Kithinji, akatazama kamba tena.

"Atalala wapi?" Kithinji akauliza, jinsi mzazi anavyouliza kuhusu shule ya bweni.

"Ana kibanda kizuri. Cha mbao, mabati juu. Mvua haiingii."

"Na mchana?"

"Mchana atakuwa humohumo. Si unajua mbwa wa boma, anafungiwa asubuhi, jioni anafunguliwa alinde."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ndio awe mkali."

Kithinji aligeuza kichwa, akatazama zizi, mbao, kufuli, kipande cha mabati.

"Kwa hivyo huko kwako siku kumi haziishangi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka tu kuelewa, na alingoja nimjibu. Nilimtazama Mama Gatwiri anisaidie, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, naye alikuwa anakagua viatu vyake. Yeye pia ana mbwa nyumbani. Nikamrudishia Kithinji kamba.

Nilifika Kanja saa nane mchana, jua kali. Sikuingia nyumbani. Nilipita moja kwa moja nyuma ya zizi hadi kwenye kibanda cha mbwa wetu, nikatoa komeo, nikafungua mlango wote. Jina lake ni Jeki, na nilikuwa naye mwaka wa sita. Alinitazama, akatazama jua, akarudi nyuma hadi ukutani.

Niliketi kwenye nyasi na sketi yangu ya kazi nikamwita. Nikamwita tena, nikamwekea maziwa mlangoni, nikamwita. Mume wangu akaja akaniuliza nani mgonjwa, mbwa au mimi. Sikuondoka.

Jeki alitoka saa kumi na mbili na nusu, saa yake ya kila siku ya kufunguliwa.